Jogoo wa Mtani

Benchi letu liko Kibaoni, hapa Ifakara, mbele ya kibanda changu cha kutengenezea baiskeli, na halina sifa nyingine zaidi ya kwamba linakalika. Upande mmoja wa benchi Nassib huweka jiko lake la mkaa na birika la kahawa, upande wa pili mimi huweka debe la maji ya kupimia pancha. Siku hiyo ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu. Mapadri walikuwa wanaungamisha tangu asubuhi, foleni imetoka kanisani imefika barabarani, na wingu la masika lilikuwa limeinamia upande wa Udzungwa mpaka mchana ukaonekana kama jioni. Mimi foleni ya kuungama inaniharibia biashara. Watu wakiwa wanakumbuka dhambi zao hawakumbuki kwamba tairi halina upepo.

Waliokuwapo ni wale wale. Teofili tunamwita Askofu, kwa sababu aliacha seminari akiwa amebakiza kidogo, na tangu hapo anatufundisha sisi yale aliyokataa kwenda kuwafundisha wengine. Steven ni Loya. Hajasomea sheria hata siku moja, ila ameshtakiwa mara nyingi na anasema hiyo ndiyo shule yenyewe. Elineema ni Moto, anasali kanisa la kilokole nyuma ya soko na hawezi kupokea kikombe cha kahawa bila kukemea kitu. Nassib mwenyewe ni Mwislamu. Anatuuzia kahawa, anatusikiliza tukigombania mbingu yetu, na mara nyingi hucheka peke yake.

Kahawa ya kwanza haijapoa, akaja Alfonsi akisukuma baiskeli. Alfonsi ni Mndamba, mkulima wa mpunga. Shamba lake liko bondeni, huko chini ya Mchombe, karibu kabisa na mto, na hapa mjini amepanga chumba nyuma ya kibanda changu. Kwenye keria alikuwa amefunga jogoo mwekundu kwa kamba ya katani. Asubuhi tulimwona yeye na jogoo wake kwenye foleni ya kanisani, tukasema mwenzetu mwaka huu anaungama na sadaka juu. Sasa alikuwa ametoka foleni na jogoo bado anaye.

— Padri amemkataa jogoo? — Loya akamwuliza.

— Sijafika kwa padri.

— Acha hizo. Nimepita pale ulikuwa wa pili kuingia.

— Nilikuwa wa pili. Nikatoka.

Akakaa mwisho wa benchi, mbali kidogo na sisi. Nassib akampa kikombe, kahawa ikamwagikia vidoleni, na hakuonekana kuisikia ilivyo ya moto. Nilidhani ni homa, maana masika haya malaria imetupitia nyumba kwa nyumba. Nikamwambia aende akapime. Akatikisa kichwa, akamgeukia Askofu.

— Nina swali, bwana Teofili. Mtu akikiri kosa lake mbele ya watu wote, kwa sauti, halafu watu wakacheka. Ameungama au hajaungama?

Kwa namna alivyomwita Askofu jina lake la ubatizo, nilipaswa kujua mapema kwamba halikuwa swali la kijiweni. Sikujua. Loya alikwisha kuanza kucheka, na wote tulielewa anazungumzia nini: anazungumzia kaburi la Maximilian.

Hapa niwaeleze ninyi msiotoka kwetu. Mwezi uliopita tulimzika Maximilian, Mpogoro, mtu wa Kibaoni hapa hapa, aliyelima jirani na Alfonsi kule bondeni. Aliuawa na kiboko jioni moja akirudi kutoka mtoni na samaki wake. Sasa Wapogoro na Wandamba ni watani, na mtani msibani ana kazi yake. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anamtangazia ulafi wake, anaingia kaburini na kulala ili jeneza lisishuke, anasema maneno ambayo mtu mwingine akiyasema atapigwa. Wafiwa wanacheka huku wanalia, wanampa kitu ili atoke, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Siku ile Alfonsi aliruka kaburini, akalala chali kwenye udongo mbichi, akapaza sauti kwamba asishushwe mtu humu, mwuaji ni mimi, nimemuua mtani wangu kwa mkono wangu, nizikeni mimi. Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikamshika bega mtu nisiyemjua, na hata padri aliinua kitabu akajiziba mdomo. Tulivyozidi kucheka ndivyo Alfonsi alivyozidi kulia, machozi ya kweli, akagoma kutoka, tukasema leo huyu ametia fora. Ndipo Digna, mjane wa Maximilian, akaagiza mtani aletewe jogoo. Alfonsi akatolewa kwa kuvutwa mikono, akapewa jogoo wake, tukazika.

Basi swali likakipata kijiwe kina nafasi. Loya alidaka kwanza. Alisema kwa sheria zote anazozifahamu kesi hiyo imefungwa. Mshtakiwa amekiri kwa hiari yake, mashahidi ni mtaa mzima, hakuna aliyepinga, na mfiwa mwenyewe ametoa jogoo. Alisema jogoo ndiyo hukumu, na hukumu ikishatolewa huwezi kumshtaki mtu mara ya pili.

Askofu hakukubali. Alituambia kuungama kuna masharti yake: uwe na majuto, ulitamke kosa, alisikie padri, kisha akuondolee. Kisha nikaona macho yake yanaanza kung'aa kama kawaida yake anapopata jambo la kutupoteza.

— Lakini subirini. Padri alikuwapo, na stola, ule ukanda wa upadri, shingoni. Alisikia kwa masikio yake. Na aliponyunyiza maji ya baraka yalimwangukia nani mle ndani? Si Alfonsi?

— Kwa hiyo ameondolewa dhambi kwa bahati mbaya, — Nassib akasema.

— Sisemi hivyo. Nasema jambo lenyewe lina utata.

Moto alikuwa anatikisa kichwa tangu mwanzo. Kwa upande wake mambo ya padri na stola ni mzunguko mrefu usio na sababu, mtu anaongea na Mungu wake moja kwa moja, damu ya Yesu inatosha, kwisha. Kilichomsumbua Moto ni jogoo. Alitaka kujua anawika saa ngapi.

— Jioni, — Alfonsi akajibu. — Giza likianza tu. Alfajiri hawiki.

— Mnaona, — Moto akasema. — Huyo si kuku. Yule mtume alipomkana Bwana, ni nini kilimshtaki? Huyo ametumwa.

Tukamwangalia jogoo. Alikuwa amelaza shingo kwenye keria, jicho moja limetuelekea. Mimi siamini kuku wa kutumwa, ila nilisogea kidogo benchini.

Nassib akasema kwao wamefundishwa tofauti kidogo. Kosa la mtu na Mungu wake, Mungu analisamehe akitaka. Kosa la mtu na mtu mwenzake, hata ukeshe ukiswali, linamsubiri mwenyewe uliyemkosea akusamehe kwanza. Aliyasema haya huku anachochea mkaa, bila kumwangalia mtu. Askofu akampokea pale pale, akaenda naye mbali zaidi. Akasema kama ni hivyo, basi Alfonsi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote, kwa sababu siku ile mwenyewe alikuwapo. Maximilian alikuwa ndani ya jeneza, ukingoni mwa kaburi, karibu na mdomo wa Alfonsi kuliko mtu yeyote. Alisikia, akazikwa na maneno hayo, na sasa ameyafikisha kwa Mungu kwa mkono. Loya akapiga makofi. Akasema huo ni ushahidi uliopelekwa Mahakama ya Rufaa kabla ya mshtakiwa kufika.

Tulicheka sana. Nilicheka na mimi, na katikati ya kicheko nikaona Alfonsi anatuangalia mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta.

Aliuliza tena, taratibu. Aliuliza kama anaweza kumpeleka huyu jogoo kanisani awe sadaka. Askofu akamwambia sadaka haipelekwi altareni kama kuna ndugu mwenye neno nawe, kapatane naye kwanza. Akauliza kama anaweza kumrudisha kwa Digna. Hapo hata Loya aliacha mzaha, maana Loya naye mama yake ni Mndamba na mambo hayo anayajua.

— Hapana, bwana. Alichopewa mtani hakirudi. Jogoo ndiye anayefanya maneno yako yawe utani. Akirudi kwa mwenyewe, yale maneno yanabaki maneno.

— Basi mchinjeni tumle leo hii, yaishe, — nikasema mimi.

— Mchinje wewe, Fundi, — Alfonsi akaniambia. — Mimi nimejaribu. Kisu nakishika, mkono unakufa.

Akaweka kikombe chini.

— Sikuwa natania.

Hakuna aliyecheka na hakuna aliyeuliza anasema nini.

Ili mwelewe alichotueleza, mjue kwanza tunavyoishi bondeni. Kila mkulima wa kando ya mto ana dungu, jukwaa la miti analokaa juu kulinda mpunga, mchana ndege, jioni viboko. Watu hupokezana zamu. Kiboko akitoka mtoni, aliye dunguni anagonga debe, na kila aliye njiani akilisikia anasimama hapo hapo alipo, hata mtoto mdogo amefundishwa, asubiri mpaka ajue mnyama yuko wapi. Debe likiwa kimya, unapita. Hakuna anayepunga mkono wala kuita, maana matete ni marefu kuliko watu. Kimya ndiyo ruhusa.

— Zamu ilikuwa yangu, — Alfonsi akasema. — Kiboko nilimwona anatoka kwenye matete. Na Maximilian nilimwona, na tenga lake la samaki kichwani. Akafika pale njia inapoinamia mtoni, akasimama. Akainua uso kuelekea dunguni kwangu. Akasikiliza.

— Na wewe, — Askofu akasema.

— Fimbo ninayo mkononi. Debe liko mbele yangu. Nikanyamaza.

Kisha akatueleza kwa nini, na hilo lilitutisha zaidi kuliko kama angesema aligombania mpaka wa shamba. Levina, mke wake, alipoondoka kwenda kwao Mahenge asirudi, Maximilian alisimama kwenye sala ya jumuiya, mbele ya akina mama na watoto, akasema mwanamke amekimbia kwa sababu mtani wangu hulala mapema kuliko kuku. Ulikuwa utani, na mtani hakasirikiwi. Alfonsi alicheka pamoja nao. Alicheka mpaka akafika nyumbani, akafunga mlango, na huko hakucheka tena. Maneno hayo yalimfuata kilabuni, sokoni, mpaka kwenye jaruba akipandikiza mpunga. Mimi mwenyewe niliwahi kumwita Kuku hapa kibandani, nikiwa natafuta pampu yangu.

— Sikutaka afe. Wallahi sikutaka, — akasema, mtu wa Kanisa anaapa kwa kiapo cha Nassib. — Nilitaka amwone kiboko karibu, atupe samaki, akimbie apige kelele, na mimi nipate cha kumcheka kwenye jumuiya. Nikasema moyoni, ngoja kidogo. Yeye akasikia kimya, akapita.

— Lakini debe lilisikika, — Loya akasema. — Watu wote walisema walisikia debe.

— Niligonga aliposhikwa. Niligonga sana. Ndiyo maana wanasema alikuwa amelewa, debe linalia na yeye anapita.

Hapo nikaelewa. Msiba mzima tulimsema Maximilian kwa sauti ya chini kwamba pombe imemponza. Nilisema hata mimi, tena nikiwa nakula ubwabwa wa nyumbani kwake.

Kila Jumapili tunapiga vifua tukikiri kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo, na kwa kutotimiza wajibu. Hilo la mwisho nilikuwa nalipita haraka, nikidhani limewekwa kwa ajili ya watumishi wa serikali. Siku ile niliogopa kulifikiria.

Askofu alikuwa na sauti nyingine kabisa alipozungumza tena. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye angeweza kuwa padri. Alimwambia Alfonsi arudi foleni sasa hivi, aingie, aseme yote kama alivyotuambia sisi, hakuna dhambi inayoizidi rehema. Moto, ambaye siku zote humbishia, safari hii aliitikia amina.

— Nilikuwa wa pili, — Alfonsi akasema. — Nikamsikia aliyenitangulia anapewa kitubio chake, rozari moja. Nikajiuliza mimi nitapewa nini. Padri ataniambia nenda kwa Digna.

— Padri hawezi kukulazimisha ujishtaki, — Askofu akasema. — Lakini jina la marehemu umeliacha limechafuka. Jina la mtu ukilichukua, lazima ulirudishe. Hilo, sitakudanganya, atakuambia.

— Wadogo zake Maximilian wakisikia wataniua. Au nitafungwa.

Tulimgeukia Loya kwa hilo la kufungwa. Loya, mwenye jibu la kila hakimu, aliangalia viatu vyake. Alisema hajui kama kuna kifungu cha kunyamaza. Kisha akaongeza kwamba kuanzia sasa na sisi tumejua, na hilo nalo hajui linaitwaje.

— Linaitwa zamu, — Nassib akasema. — Debe liko mikononi mwetu sote hapa.

Hakusema kwa mzaha. Nilimwangalia kila mmoja nikaona anawaza kama ninavyowaza mimi: laiti ningebaki nyumbani leo. Alfonsi akaendelea kuzungumza, sasa kwa haraka, kama anaogopa tutaondoka. Alisema mpunga unaanza kuinama, baada ya Pasaka lazima arudi bondeni, na jioni atapita njia ile ile akitoka kuteka maji. Siku hiyo dunguni atakuwa mtu mwingine. Atasimama pale Maximilian aliposimama, atainua uso, atasikiliza, na hakutakuwa na sauti.

— Nitajuaje? — akatuuliza. — Nikisikia kimya, nitajuaje kama ni salama au kama kuna mtu ananifanyia nilichofanya? Na nikifa pale, kabla sijaungama, nakwenda wapi?

Askofu alifungua mdomo ajibu, na hapo hapo akaufunga, maana Digna alikuwa anavuka barabara kuja kwetu.

Alikuwa amevaa kitenge cha wanawake Wakatoliki, mwavuli kwapani, rozari imezungushwa kiganjani. Amekonda. Nassib alikuwa wa kwanza kupata ulimi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Foleni bado ndefu?

— Bado, mama. Karibu kahawa.

— Asante. Nikitoka.

Alikuwa anataka kupita. Kisha jogoo akajitikisa kwenye keria na Digna akamwona. Alimwangalia kwa muda, akamwangalia Alfonsi, akarudi kwa jogoo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayejumlisha.

— Huyu si jogoo wangu?

— Ndiye, — Alfonsi akasema, hata sauti haikutoka vizuri.

— Mbona mzima?

Digna akasema kwa upole kwamba baba yake alipozikwa, watani walichinja mbuzi waliyepewa hata kabla watu hawajanawa miguu kutoka makaburini. Mtani hula siku ile ile. Mtani mwenye utani wake hamfugi kuku wa msibani.

Sisi tulikaa. Yeye alisimama, akauhamishia mwavuli mkono wa pili.

— Ngoja niwaambie, maana ninyi mlikuwapo, — akasema. — Nakwenda kuungama na sijui nikaseme nini. Tangu tulipomzika Maximilian nina hasira, na hasira yenyewe haina mtu. Nikimkasirikia kiboko, ni mnyama. Wanasema nimkasirikie marehemu, alikuwa amelewa hakusikia debe. Mume wangu aliacha pombe Jumatano ya Majivu. Mpaka anakufa hakuwa ameigusa, mimi ndiye niliyekuwa nalala naye.

Digna akaikaza rozari kiganjani.

— Padri ataniambia samehe. Nimejaribu. Kila usiku nasema nasamehe, nasamehe, kisha najiuliza nasamehe nini, nani. — Akamgeukia Alfonsi. — Mtani, lile la kaburini. Ulikuwa unatania?

Swali dogo kama hilo. Mtoto angeweza kulijibu, ni ndiyo au hapana. Nilimwangalia Askofu, aliyekuwa na maneno ya kufukuza pepo muda si mrefu uliopita, akawa anatazama ndani ya kikombe kitupu. Loya alianza kicheko kidogo, kile cha kumwokoa mtu, cha kusema si unajua watani mama, na kicheko kikamkatikia kooni. Midomo ya Moto ilikuwa inacheza bila sauti. Na mimi nilikuwa na jibu. Lilikuwa limefika hapa kwenye meno, nikalimeza. Niliogopa, sina neno jingine zuri zaidi.

Alfonsi alikuwa ameinua uso anamwangalia, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka.

Digna akasubiri. Alitusubiri sote, mmoja mmoja. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye jiko, likachemka.

— Haya, — akasema.

Akafungua mwavuli, akageuka, akaanza kwenda kanisani. Alituacha kama mtu anayetoka mahali palipokuwa kimya na kuamini kwamba njia ni salama.

Alikuwa ameshafika katikati ya barabara Alfonsi alipoinama. Alilinyanyua debe langu, maji ya pancha yakamwagikia miguuni kwetu, akalipindua magotini. Akaokota spana iliyokuwa chini ya benchi. Akaligonga mara moja, hafifu, kama anajaribu. Kisha akaligonga kwa nguvu, na akaendelea, lile pigo lao la bondeni, zito, lisilo na mwendo wa ngoma yoyote, na machozi yalikuwa yanamtoka wazi wazi kama siku ile kaburini. Wale wa bondeni waliokuwa kwenye foleni waligeuza shingo zote kwa pamoja. Mzee mmoja aliyekuwa anapita akasimama mguu mmoja mbele.

Digna naye alisimama. Alisimama katikati ya barabara kama walivyofundishwa, bila kugeuka, bila kusogea, bodaboda zikimkwepa na kumpigia honi. Nilimwona mgongo wake. Alisimama hivyo mpaka Alfonsi alipoishiwa mkono na spana ikaanguka.

Kisha akarudi. Hakumwangalia Alfonsi wala yeyote kati yetu. Alifika kwenye baiskeli, akaweka mwavuli chini, akaanza kufungua kamba ya katani. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Loya aliinuka nusu, akanyoosha mkono kama anayetaka kumzuia, akakaa tena. Digna akamweka jogoo wake kwapani.

— Mama Digna, — Askofu akasema taratibu. — Foleni inasogea.

— Leo siwezi, — Digna akasema.

Akaondoka kwa njia ya nyumbani kwake, jogoo kwapani. Mwavuli aliusahau pale chini, na mvua sasa ilikuwa inanyesha kweli. Hakuna kati yetu aliyekuwa na ujasiri wa kumkimbilia nao.

Alfonsi alibaki na debe magotini, limebonyea pale alipoligonga. Maji yalimchuruzika usoni na hakuyafuta. Baada ya muda akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama mapadri bado wapo. Nikawahi kumjibu kabla kimya hakijakaa tena. Nikamwambia wapo.